Mgombea anaongoza tafiti za maoni za nchi nzima, kisha anaanguka Iowa na New Hampshire: sababu ni nini?

Mleta mada: Mfuatiliaji wa Pangani

Wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia chaguzi za Marekani kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ambalo hadi leo sijalipatia maelezo ya kuniridhisha. Mgombea anaongoza tafiti za maoni za kitaifa kwa miezi na miezi, ana fedha, ana jina, ana watu wa kumsemea kwenye televisheni, halafu mchujo wenyewe, yaani kura za jimbo kwa jimbo za kumpata mgombea urais wa chama, unapoanza anashindwa katika majimbo mawili matatu ya mwanzo na kufunga virago kabla majimbo mengine zaidi ya arobaini hayajapiga hata kura moja.

Anayenitatiza zaidi ni Rudy Giuliani. Alikuwa meya wa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007 ndiye aliyewatangulia wenzake wa chama cha Republican katika tafiti za kitaifa. Iowa ilipofanya mikutano yake ya mchujo tarehe 3 Januari 2008 aliambulia nafasi ya sita, akiwa na chini ya asilimia 4 ya kura. Siku tano baadaye New Hampshire ikampa nafasi ya nne. Alipofika Florida tarehe 29 Januari, jimbo ambalo kambi yake ilikuwa imetangaza kuwa ndiko vita vyake vingeanzia, akawa wa tatu kwa takriban asilimia 15, nyuma ya John McCain na Mitt Romney. Kesho yake alijitoa na kumuunga mkono McCain.

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba kosa lake lilikuwa kusubiri Florida. Hayo nayaelewa, kwa maana ni kama timu inayotangaza kwamba itaanza kucheza dakika ya sitini. Hata hivyo hayanitoshi, kwa sababu kwa hesabu kavu Iowa ni jimbo ambalo mtu angeweza kuliruka bila hasara kubwa. Mwaka 2020, upande wa Democratic, lilikuwa na wajumbe (wale wanaopiga kura ya kumteua mgombea wa chama) 41 tu kati ya 3,979 waliokuwa wakiwaniwa. Hesabu hii inatudanganya wapi? Na anayeshindwa mapema, je, ameponzwa na kampeni yake, au tafiti zile za kitaifa hazikuwa zikipima kile tulichodhani zinakipima?

Naomba wenye uzoefu wachangie.

Mchangiaji: Mkazi wa Iowa City

Ndugu mleta mada, swali lako la mwisho ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu naandika nikiwa Iowa kwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu ambaye sasa ni raia wa Marekani, na mji ninaoishi una familia nyingi zilizotoka Kongo, baadhi yetu tukiwa tumeshapata haki ya kushiriki katika mambo haya.

Utafiti wa kitaifa unampigia simu mtu aliye sebuleni kwake, mwezi wa Septemba, na kumuuliza anampenda nani. Atataja jina analolijua. Mikutano ya mchujo ya Iowa inamtaka mtu yuleyule avae koti zito, atoke nyumbani saa moja usiku katikati ya majira ya baridi, akae ukumbini saa moja au mbili, na kwa upande wa Democratic, kwa utaratibu uliotumika hadi mwaka 2020, asimame hadharani mbele ya majirani zake na kuonyesha yuko upande gani. Kati ya mtu wa kwanza na wa pili kuna kazi ya mwaka mzima ya kugonga milango, na kazi hiyo hufanywa na watu wanaolijua jimbo.

Mwaka 2020 nilihudhuria mkutano wa mtaa wetu katika ukumbi wa michezo wa shule. Kila kambi ilikuwa na kona yake. Watu walihesabiwa, na mgombea ambaye hakufikisha asilimia 15 ya waliokuwemo alihesabiwa kuwa hakutosha, hivyo wafuasi wake walikuwa huru kuhamia kwa mwingine au kurudi nyumbani. Nilimwona mzee mmoja mwenye beji ya Joe Biden, amekaa kwenye kiti cha kukunja katika kundi la watu wachache lililokuwa limeshindwa kutosha, huku vijana wa kambi mbili wakimwendea kwa zamu. Hawakumwambia kwamba mgombea wao ni bora kuliko wote. Walikuwa wameandaliwa hoja mahususi ya kumweleza mtu wa Biden kwa nini mgombea wao anafaa kuwa chaguo lake la pili. Kambi ya Biden katika ukumbi ule haikuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo, na kwa jimbo zima Biden alimaliza wa nne.

Hilo la chaguo la pili ndilo wengi hawalioni wakiwa mbali. Howard Dean aliingia mchujo wa Democratic wa mwaka 2004 akiwa na fedha nyingi kuliko wapinzani wake, nyingi zikiwa zimechangwa kupitia intaneti, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni kabisa, na maelfu ya vijana wa kujitolea waliokuja kutoka majimbo mengine wakiwa wamevaa kofia za rangi ya chungwa. Wiki za mwisho yeye na mpinzani wake Dick Gephardt walizimaliza wakishambuliana kwa matangazo ya televisheni, na wasikilizaji wakawachoka wote wawili. John Kerry, ambaye mwezi wa Desemba alikuwa amehesabiwa kuwa amekwisha hata akaweka rehani nyumba yake ya Boston ili apate dola milioni 6.4 za kuendeshea kampeni, alipata asilimia 38. John Edwards akapata 32, Dean 18, Gephardt 11. Watu hukumbuka ule ukelele wa Dean jukwaani usiku huo na kudhani ndio uliomwangusha, wakati aliutoa akiwa ameshakuwa wa tatu.

Niongeze kwamba zile kofia nazo zilikuwa sehemu ya tatizo. Mkulima wa hapa anapogongewa mlango na kijana wa Seattle au New York anayemweleza jinsi ya kuchagua rais, humsikiliza kwa adabu zote, humkaribisha kahawa, kisha huenda kumsikiliza jirani yake.

Mchangiaji: Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Namshukuru ndugu wa Iowa City kwa maelezo yaliyotoka ukumbini. Nami nitashughulika na Giuliani, kwa kuwa nadhani habari zake husimuliwa kinyume.

Inasemwa alichagua kusubiri Florida. Ukifuatilia mwaka 2007 wenyewe utaona kwamba hakusubiri. Alikwenda New Hampshire mara nyingi na alirusha matangazo ya televisheni huko, na kwa muda fulani alionekana kuwa na nafasi nzuri, kwa kuwa ni jimbo ambalo wapiga kura wasiojiandikisha na chama chochote wanaruhusiwa kushiriki mchujo wa chama wanachokitaka. Kadiri siku zilivyokwenda namba zake zilishuka badala ya kupanda. Mwezi Novemba rafiki na mshirika wake Bernard Kerik, aliyekuwa mkuu wa polisi wa New York chini yake, alifunguliwa mashtaka ya jinai, na muda mfupi baadaye zikatoka habari kuhusu gharama za ulinzi wa safari zake binafsi alipokuwa meya. Ndipo fedha na watu vikaelekezwa Florida. Kwa maoni yangu ule uliokuja kuitwa mkakati wa Florida ulikuwa kurudi nyuma kulikopewa jina la heshima.

Iowa nayo ilikuwa imefungwa kwake tangu mwanzo. Karibu watu sita kati ya kumi waliohudhuria mikutano ya Republican mwaka ule walijitambulisha kuwa Wakristo wa kiinjili, na yeye alikuwa akitetea haki ya utoaji mimba. Mshindi alikuwa Mike Huckabee, mchungaji wa zamani wa Kibaptisti. Hakuna ofisi wala gari la kampeni ambalo lingebadili hilo.

Mlinganishe na McCain. Julai 2007 kampeni ya McCain ilikuwa karibu isambaratike: fedha zilikuwa zimekwisha, wafanyakazi wengi wameondolewa, na magazeti yalikuwa yakiandika kama mtu anayeandika tanzia. Alichofanya ni kurudi New Hampshire, jimbo lililokuwa limempa ushindi dhidi ya George W. Bush mwaka 2000, na kukaa huko akijibu maswali ya wananchi katika kumbi ndogo, mji kwa mji. Mwezi Januari akashinda kwa asilimia 37 dhidi ya 32 za Romney. Ushindi huo ndio uliomfikisha Florida akiwa na hadhi, na siku chache kabla ya kura gavana wa Florida, Charlie Crist, akamuunga mkono yeye. Giuliani alikuwa amepiga kambi huko kwa wiki kadhaa, lakini kila jioni taarifa za habari zilikuwa za McCain, Romney na Huckabee. Mpiga kura wa Florida alikuwa akitazama mchuano ambao Giuliani hakuwemo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana mifano inajitosheleza. Wote hawa ni wa mchujo wa Republican. John Connally alitumia takriban dola milioni 11 mwaka 1980 akapata mjumbe mmoja. Phil Gramm aliingia mwaka 1996 akiwa na hazina kubwa, akashindwa Louisiana, akawa wa tano Iowa, na akajitoa kabla New Hampshire haijapiga kura. Jeb Bush mwaka 2016 alikuwa na kamati huru ya kumuunga mkono, yaani iliyo nje ya kampeni yake, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 100 kabla ya mwaka 2015 kufika mbali. Alipata karibu asilimia 3 Iowa na 11 New Hampshire, na baada ya South Carolina tarehe 20 Februari akaaga. Mtu ambaye wapiga kura wameshamjua na kumkataa hanunuliki kwa matangazo zaidi. Kila tangazo linamkumbusha mtazamaji kwamba ndiye yuleyule.

Mchangiaji: Mama Neema, Minneapolis

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mchango wako kwa makini na sehemu kubwa nakubaliana nayo, ila nadhani sote tumelichukua neno "kushindwa" kama linalojieleza, na hapo ndipo penye utata.

Mwaka 1972, upande wa Democratic, Edmund Muskie alishinda New Hampshire. Alipata asilimia 46, George McGovern akapata 37. Kwa kuwa Muskie alitoka jimbo jirani la Maine na waandishi walitarajia avuke nusu ya kura, ushindi wake uliandikwa kama pigo, na uteuzi hatimaye ukaenda kwa McGovern. Miaka 20 baadaye, katika jimbo hilohilo, Bill Clinton alishindwa na Paul Tsongas kwa asilimia 25 dhidi ya 33. Iowa alikuwa ameiacha bila hata kuigombea, kwa sababu Seneta Tom Harkin alikuwa mwenyeji wa huko. Lakini Clinton alikuwa ametoka katika wiki za kashfa ambazo wengi walitarajia zimmalize, na Tsongas alikuwa mtu wa Massachusetts, mlango wa pili tu. Usiku ule Clinton aliwahi kupanda jukwaani mapema, akajitangaza kuwa ndiye aliyefufuka, na kesho yake hiyo ndiyo habari iliyosomwa.

Kwa hiyo, mleta mada, hesabu yako ya wajumbe 41 ni sahihi lakini wajumbe siyo kinachogawiwa pale. Kinachogawiwa ni ruhusa ya kuendelea kuonekana mgombea wa kweli machoni pa wafadhili, waandishi na viongozi wa chama, na ruhusa hiyo hutolewa kwa kulinganisha matokeo na matarajio. Anayeongoza tafiti za kitaifa huingia Iowa akidaiwa ushindi mkubwa. Asiyejulikana huingia bila deni. Mwaka 1976 Jimmy Carter alipata kama asilimia 28 Iowa, wakati kundi la wasiomchagua mtu yeyote lilikuwa na 37, na bado yeye ndiye aliyetoka humo akiwa jina la taifa.

Sasa tuje kwa Biden, kwa sababu yeye anaharibu kanuni nyingi. Alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire akiwa na asilimia 8.4, na wa pili kwa mbali Nevada. Kura za New Hampshire zilipokuwa bado zinahesabiwa alikuwa ameshaondoka kwenda South Carolina. Kwa nje hilo linafanana sana na Giuliani kukimbilia Florida. Tofauti ni nani alikuwa akimsubiri huko. Katika mchujo wa Democratic wa South Carolina zaidi ya nusu ya wapiga kura ni Wamarekani Weusi, ambao Iowa na New Hampshire ni wachache mno, na uhusiano wa Biden nao ulikuwa wa miaka mingi kabla hata hajawa makamu wa Barack Obama. Tarehe 26 Februari mbunge Jim Clyburn akamuunga mkono hadharani. Tarehe 29 Biden akapata karibu asilimia 49, Bernie Sanders 20.

Hata hivyo huenda yote hayo yasingetosha kama wenzake wangeshikilia. Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa kabla ya Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja. Hapa Minnesota sote tulikuwa tukimhesabu Klobuchar, ambaye ni seneta wetu, kuwa mshindi. Alijitoa Jumatatu, akamuunga mkono Biden, na Jumanne Biden akalichukua jimbo hili ambalo hakuwa amefanya ndani yake kampeni ya maana. Alishinda majimbo 10 kati ya 14 siku ile. Michael Bloomberg, aliyeyaruka majimbo manne ya mwanzo kwa makusudi na kutumia fedha ambazo kwa jumla zilipita dola bilioni moja, alishinda Samoa ya Marekani peke yake.

Ndiyo maana, Mwalimu, sikubali sana kwamba Giuliani alikuwa tu akirudi nyuma. Kurudi nyuma siyo aibu iwapo nyuma kuna watu wako. Yeye Florida alikuwa na wastaafu waliohamia kutoka New York, ambao walimkumbuka kwa wema, lakini kumkumbuka mtu na kuwa mtu wake ni mambo mawili.

Mleta mada: Mfuatiliaji wa Pangani

Nawashukuru sana. Mama Neema, hilo la deni la matarajio limenifungua macho. Lakini linaniletea swali jingine kwa ndugu wa Iowa City. Ikiwa dawa ni kazi ya mlango kwa mlango, mbona Ron DeSantis, akiwania uteuzi wa Republican, alizitembelea kaunti zote 99 za Iowa kabla ya Januari 2024, akaungwa mkono na gavana wa jimbo, Kim Reynolds, na bado akashindwa na Donald Trump kwa asilimia 51 dhidi ya 21? Kama kuna mtu aliyefuata maelekezo yenu neno kwa neno, ni yeye.

Mchangiaji: Mkazi wa Iowa City

Swali lako ni la haki, na jibu langu la kwanza ni kwamba kuzitembelea kaunti 99 siyo sawa na kuwa na watu katika kaunti 99. Sehemu kubwa ya kazi ya kugonga milango kambi ya DeSantis iliiachia kamati huru, ambayo kisheria inaweza kupokea fedha bila ukomo lakini wakati ule ilikuwa imewekewa mipaka katika kupanga mambo pamoja na kampeni ya mgombea. Waliogonga milango wengi walikuwa wa kulipwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 viongozi wa kamati ile walikuwa wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine, na mgogoro wao ukawa habari ya magazeti katika wiki ambazo zilipaswa kuwa za mgombea. Trump, ambaye mwaka 2016 alishindwa hapa na Ted Cruz kwa uzembe wa maandalizi, safari hii aliteua wasimamizi wa mitaa kutoka miongoni mwa wakazi, akawapa kofia maalumu nyeupe zenye maandishi ya dhahabu, na kila mmoja akaagizwa kuleta majirani ambao hawakuzoea kuhudhuria.

Jibu la pili linamrudia Mwalimu. Upande wa Republican hapa hakuna kona wala chaguo la pili. Watu husikiliza hotuba fupi, kisha huandika jina kwenye karatasi kwa siri. Ushawishi wa ukumbini unabaki mdogo, na wengi wanafika wakiwa wameshaamua. Wengi wa wanachama hao walikuwa wameshampigia Trump kura mara mbili, na mashtaka yaliyoanza kufunguliwa dhidi yake Machi 2023 yaliwafanya wamzunguke kumlinda badala ya kumkimbia. DeSantis alikuwa akiwaomba wamwache mtu wasiyekuwa na kinyongo naye. Kazi nzuri ya kampeni humtoa nyumbani mtu ambaye tayari anakutaka, na wanaomtaka DeSantis hawakuwa wengi kiasi hicho. Baridi ya usiku ule ilikuwa kali kuliko ya mchujo wowote uliotangulia, mahudhurio yakashuka hadi karibu watu 110,000 kutoka takriban 187,000 wa mwaka 2016, na kwa nadharia hali hiyo ilipaswa kumsaidia mwenye mtandao bora. Siku sita baadaye alijitoa, New Hampshire ikiwa bado siku mbili.

Trump alichukua kaunti 98. Iliyobaki ni hii yetu ya Johnson, yenye chuo kikuu, ambayo mgombea mwingine, Nikki Haley, aliishinda kwa kura moja.